Nusu ya Mtu Mwenye Pembe

Katika watu wote walio hai, ninayemchukia zaidi ni yule ambaye damu yake niliimeza. Nimeandika maneno hayo, nikayafuta, nikayaandika tena. Nadhani ni ya kweli. Yeye naye ananichukia, na nikizipima chuki hizi mbili naona yake ina haki kuliko yangu. Lakini hilo nitalieleza mbele, kwa sababu sina ujasiri wa kuanza nalo.

Mimi ni mshona magunia. Kazi yangu iko kwenye ghala la kahawa mjini Bukoba, na nyumba yangu iko Buhembe, kwenye kibanja alichoniachia baba. Shule nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne. Niliyojua zaidi ya hapo niliyapata vitani, na mengine sijui kama niliyaelewa sawasawa. Kwa hiyo msomaji akiona nimekosea juu ya Wagiriki au juu ya Warumi, ajue naandika kama nilivyoambiwa.

Nilikuwa nakusanya sarafu za kale, za Wagiriki na Warumi, wale Warumi waliopelekewa barua na Mtume. Nilizitunza kwenye kopo la biskuti za jeshi, kila moja imeviringishwa kipande cha rubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo wazee wetu walivaa, kwa sababu niliona haishiki unyevu kama pamba. Kila sarafu ilikuwa na ukurasa wake katika daftari. Nilikuwa naweka karatasi juu ya sarafu, nasugua kwa penseli polepole, na kichwa kinatokea chenyewe kwenye karatasi, pua kwanza, halafu nywele. Chini yake naandika nani alinipa, aliipata wapi, na mimi nilimpa nini.

Watu wa Buhembe hawakunipenda kwa jambo hili. Jirani yetu mmoja alimwambia mke wangu kisimani kwamba nalala juu ya vichwa vya wafu, na kwamba ndiyo maana migomba yetu ya upande wa chini ilikuwa na ugonjwa. Migomba yake mwenyewe ilikuwa na ugonjwa uleule, lakini hilo hakulisema. Kwenye mtaa wa Bakoba, njia yangu ya kazini, palikuwa na fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na kila nilipopita mbele ya baraza lake aliinua kichwa.

“Mzee wa masanamu,” aliniambia, “leo umeokota mfalme gani?”

Wote waliokaa barazani walicheka. Nilimchukia kwa kicheko kile zaidi ya mwaka mzima. Lakini ni lazima niandike pia kwamba fundi huyo ndiye aliyenipa sarafu ya shaba yenye mwanamke aliyevaa taji la minara, ambayo baba yake mdogo alirudi nayo alipokwenda Hija akipitia Misri, na hakutaka kitu. Mtu aliyekupa kitu kama hicho ana haki ya kukucheka kidogo.

Mke wangu hakunicheka. Alisema mara moja tu, akiwa anamenya ndizi, “Wenzako walirudi na mablanketi.” Ni kweli, walirudi na mablanketi.

Sasa nieleze vita, kwa kifupi, maana sikupigana. Hapa kwetu ukisema ulikwenda vitani watu wanawaza bunduki. Sisi tulikuwa kampuni ya sururu na koleo. Walitupeleka kaskazini kabisa ya Afrika, nchi ya mawe na mchanga karibu na bahari, na huko tulichimba. Tulichimba mahandaki, mashimo ya matangi, vyoo vya maafisa, makaburi. Ardhi ile iliwahi kukaliwa na watu wengi sana. Ukipiga sururu unatoa kigae, ukipiga tena unatoa mfupa, au jiwe lililochongwa majani. Na mara mojamoja unatoa kitu cha mviringo, cha kijani, kidogo kama kifungo.

Wengi walivitupa. Afisa wetu mmoja, ambaye kwao alikuwa mwalimu kabla ya vita, aliviokota na kuvitazama kwa kioo. Aliponiona nami natazama, alinionyesha. Aliniambia ile rangi ya kijani ndiyo ngozi ya sarafu, nisije nikaisugua kwa majivu wala ndimu, maana ukiichuna ngozi yake umeiua. Baadaye nilikuja kuona maana ya maneno hayo, mwanajeshi mwenzetu mmoja wa Kamachumu aliponiletea sarafu yake aliyoisugua kwa majivu mpaka ikang'aa kama kijiko, na usoni pa mfalme hapakubaki hata jicho. Alijivuna nayo. Niliichukua nikamshukuru, halafu nikakaa siku mbili nimekasirika.

Katika hema letu Wahaya tulikuwa wawili. Mwenzangu alitoka Kimwani, huko Muleba. Hakujua kusoma, mimi nilimwandikia barua zake kwa mama yake. Alikuwa na nguvu, na nilipougua tumbo la kuhara damu alichimba sehemu yangu na yake kwa siku tisa bila kunitangaza kwa sajini. Naandika hili mapema ili lisije likapotea chini ya mengine.

Mama yake alikuwa amempa kifurushi cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa ikiwa na ganda lake. Alikuwa akitafuna moja kwa wiki. Ilipobaki moja, tuliamua kuitumia kwa omukago. Wasiotoka kwetu hawajui, basi nieleze. Tunda la kahawa lina punje mbili zinazotazamana. Kila mmoja anajikata kidogo karibu na kitovu, anapaka punje moja damu yake, na mwenzake anaimeza. Tangu hapo ninyi ni zaidi ya ndugu. Akikuomba humnyimi. Akikuuliza humdanganyi. Ukimnyima au ukimdanganya, ile punje inavimba tumboni mwako mpaka ikupasue. Tuliifanya nyuma ya lori la maji, saa ya chakula, kwa wembe wangu wa ndevu. Tangu siku ile tukaitana munywani, yaani ndugu wa kuchanjiana damu.

Siku tunayogombania ilikuwa siku ya jua kali. Tulikuwa wawili ndani ya handaki, yeye na sururu, mimi na ndoo. Ukuta ukaanguka upande wake. Nilimfukua kwa mikono. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, wakamtia kwenye gari, wakaondoka naye. Mpaka hapo nina uhakika.

Kuanzia hapo kumbukumbu yangu sina hakika nayo. Naiona sarafu iko mchangani, karibu na ndoo yangu, kichwa juu. Mwanaume mwenye ndevu nzito, na kutoka kwenye paji lake pembe ya kondoo imejikunja ikalizunguka sikio. Upande wa pili wa sarafu kuna mmea wenye shina nene lenye mifereji, majani yanatoka mawili mawili, na kileleni kuna vifundo vya maua. Ni ya fedha. Nimeiona pale karibu na ndoo mara nyingi sana, hata sijui kama ninachokiona ni siku yenyewe au ni kule kuitazama kwangu baadaye.

Afisa aliitazama kwa kioo, akaigeuza, akaitazama tena. Aliniambia ule mmea uliota nchi ile tu, na watu wa pale waliupenda, wakaula na kuuuza, mpaka ukaisha duniani. Aliniambia hakuwahi kushika sarafu kama hiyo. Angeweza kuninyang'anya, nani angemuuliza? Akanirudishia.

Mwenzangu walimrudisha nyumbani kwa meli kabla yangu. Nilivyokumbuka mimi, hatukuonana tena hadi alipokuja Buhembe.

Alikuja Jumamosi, mchana, akichechemea na fimbo. Miaka minne ilikuwa imepita na wala hatukuwa tumetafutana, jambo ambalo kwa watu wa omukago ni aibu, na aibu ile ni ya wote wawili. Mke wangu alimletea akamwani kwenye kile kikapu kidogo, akapiga goti kama desturi. Hakuchukua hata moja. Mke wangu alibaki amekishika, akanitazama, nikatazama pembeni.

“Nimesikia una kopo,” alisema.

“Ninalo.”

“Lifungue.”

Nililifungua. Alizifungua sarafu moja moja, akizitupa juu ya mkeka kama mtu anayechambua maharage. Zilikuwa thelathini na kitu. Alipomfikia yule mwenye pembe alisimama. Hakumtupa. Alimlaza katikati ya kiganja.

“Huyu ni wangu.”

Nilimwambia nilimkuta mchangani.

“Nilimtoa ukutani kwa ncha ya sururu,” alisema. “Nilikuwa nimemshika hivi, nageuka nikuonyeshe. Ndipo ukuta ukaja.”

“Mimi nilimkuta mchangani, munywani.”

“Mchangani palikuwa na mkono wangu.”

Halafu alinieleza kwa nini anamtaka, na alieleza kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyemfanyia hayo. Kule Kimwani walimwita Ndoo. Alipowasimulia vita walimuuliza kama Waingereza walimpeleka ng'ambo kuchota maji. Juu ya mguu wake walisema alipigwa teke na punda. Alipowaambia alitoa ardhini mfalme wa fedha mwenye pembe za kondoo, kilabuni walicheka mpaka mmoja akamwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi, na tangu siku ile akipita, vijana wanaweka vidole juu ya masikio na kulia kama kondoo. Hakurudi na nishani. Hakurudi na blanketi, maana blanketi lake lilibaki hospitali. Alitaka aweke mtu yule mwenye pembe juu ya meza ya kilabu, mara moja tu, wamwone.

Nilisema nitampa nyingine. Nilimtengea sita, mbili kati yake za fedha, na moja ilikuwa nzuri kweli, yenye farasi.

“Unanipa makombo,” alisema.

“Hii ya farasi ni ya Warumi kabisa.”

“Mimi sikutoa farasi.” Akamrudisha mwenye pembe koponi mwenyewe, kwa kidole kimoja. “Nisikilize. Tulikula kahawa moja. Sikuombi. Nakwambia.”

Hapo ndipo nilipopaswa kumpa. Mke wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na kikapu, na alitegemea nimpe. Badala yake nilisema ngoja kwanza nitazame daftari langu la vita, maana niliandika kila siku, nione linasemaje.

Alicheka. “Liulize basi. Mimi sijui kusoma, utalisoma wewe, na litasema unachotaka.”

Alipofika njiani alitema mate. Niliwaza kwa muda mrefu kama alinitemea mimi, au alikuwa na mate tu.

Lazima niseme kwa nini sikumpa. Sarafu nyingine zote nilizipenda. Ile niliiheshimu. Nilikuwa mshona magunia, na katika nyumba yangu kulikuwa na kitu ambacho mwalimu wa Kiingereza hakuwahi kukishika. Katika daftari la sarafu nilikuwa nimeacha ukurasa wa kwanza wazi kwa ajili yake, nikisubiri penseli nzuri, maana niliogopa kumchora vibaya. Na niliwaza meza ya kilabu, mikono yenye mafuta ya nyama, mtu anamgongesha kwenye chupa asikie mlio, mwingine anamsugua kwa majivu ili aonekane vizuri. Mambo haya yote yangetokea, bado naamini hivyo. Lakini si sababu ya kumnyima mtu kilicho chake.

Daftari la vita nilikuwa sijalifungua tangu nirudi. Ukurasa wa siku ile ulikuwa mfupi. Ukuta umeanguka. Mwenzangu mguu umevunjika. Chakula maharage. Jua kali. Juu ya sarafu, hakuna neno. Nilifurahi, na furaha ile naikumbuka vizuri kuliko ningependa.

Nikageuza kurasa. Siku ya tatu baada ya ile, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuta nimeandika hivi: leo nimepewa ruhusa kwenda hospitali, munywani hana nguvu, anauliza kitu chake cha pembe kiko wapi. Nimemwambia apumzike. Chini ya maneno hayo, pande zote mbili, mtu mwenye pembe na mmea wake, nimewasugua kwa penseli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi ile. Walitoka wazi, hata mifereji ya shina inahesabika.

Kwa hiyo nilikwenda hospitali. Nilisimama karibu na kitanda chake, sarafu iko mfukoni mwangu, akaniuliza, nikamwambia apumzike. Halafu nikasahau. Sijui mtu anasahau vipi jambo kama hilo. Nimejaribu kujikumbusha kitanda, harufu ya dawa, uso wake, sipati kitu. Napata ndoo tu na mchanga.

Nilikata ukurasa ule kwa wembe wa nyuzi za magunia, nikaukunja mara nne, nikautia kwenye mfuko wa ndani wa koti la jeshi. Nilijiambia naukata ili niende nao Kimwani nikausome mbele yao. Huenda nilijiambia hivyo kwa dhati.

Wiki mbili baadaye baba mkubwa wa mwenzangu aliniita kwenye kesi. Nilipanda lori la Muleba Jumapili baada ya misa, nimevaa lile koti, kopo mapajani. Walikuwa wamekaa mbele ya nyumba kwenye majani makavu, wazee watano wa ukoo wake na wanaume wengine wa kijiji waliokuja kusikiliza. Mmoja wao aliponiona na kopo aliuliza kama nimeleta biskuti. Akamwani ilipitishwa, nikapewa, nikatafuna. Huko ni kwao na walinipa. Nami nilikuwa na ukurasa ule kifuani.

Baba yake mkubwa alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mwenzangu, akanisikiliza mimi. Alisema sarafu ilitoka katika ardhi ambayo si ya mmoja wetu, na kazi ilikuwa ya wote wawili, basi shahidi ni nani? Mwenzangu akaninyooshea fimbo.

“Shahidi ni yeye,” alisema. “Alikuwa anaandika kila siku. Mimi nilimcheka, lakini sijawahi kumwona akiandika uongo. Munywani, nakuuliza mbele ya baba. Siku ile daftari lako liliandika nini juu ya mtu huyu?”

Alikuwa amenipa njia mwenyewe, bila kujua.

“Siku ile sikuandika kitu juu yake,” nilisema. “Niliandika ukuta, mguu wako, maharage na jua.”

Kila neno lilikuwa kweli. Mtu yeyote angeweza kulifungua daftari akaona. Wazee wakaitikia kwa vichwa kwa kuniheshimu, maana ningeweza kudai liliandika ni yangu. Mwenzangu aliinamisha uso. Naye aliniamini. Hilo ndilo lililonifanya nianze kumchukia, kwamba aliniamini pale pale nilipomtazama.

Baba yake mkubwa alifikiri kidogo. Kisha akasema jambo ambalo kwa wote pale lilikuwa sawa kabisa, na hata mimi sikuweza kulipinga kwa hoja. Tulipokula omukago tuligawana tunda moja punje mbili. Hakuna aliyepata tunda zima. Na hiki nacho kigawanywe vivyo hivyo, kila mtu punje yake, ugomvi uishe.

Mhunzi alikaa nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa mzee anayetengeneza majembe na visu vya kumenyea ndizi, na Jumapili hafanyi kazi, lakini kwa ajili ya kesi alikubali. Kijiji kizima kilitufuata. Aliigeuza sarafu, akauliza huyu mwenye pembe ni shetani gani. Mtu akasema ni mfalme wa Ndoo. Wakacheka. Akailaza juu ya fuawe, akaweka tindo kwenye paji la uso, akainua nyundo.

Hapo mwenzangu alinitazama. Nimeirudia nafasi ile mara nyingi, na najaribu kuwa na haki. Nadhani alitaka niseme basi, mpe mzima. Huenda pia alikuwa karibu kusema mwenyewe, basi, mwachie mzima. Mmoja wetu angefungua mdomo, mtu yule angepona. Yeye hakuwa na kitu mfukoni. Mimi nilikuwa nacho. Ningetoa karatasi ningeikosa sarafu yote, nikinyamaza nabaki na nusu. Ndivyo nilivyopiga hesabu, kwa muda wa kuinua nyundo.

Fedha ya zamani sana haikatiki kama fedha ya sasa. Ndani imekuwa kavu. Ilivunjika kama biskuti, na haikufuata tindo. Yeye alipata pembe, sikio na kisogo. Mimi nilipata uso, macho na ndevu. Shina la mmea lilipasuka kwa urefu. Kipande cha tatu, kidogo kama kucha ya mtoto, kiliruka kikaingia kwenye makaa, na hakuna aliyekwenda kukitafuta.

Watu walisema kesi imekatwa vizuri.

Yaliyofuata niliyasikia kwa madereva wa malori. Mwenzangu aliitoboa nusu yake akaitia kamba, akaenda nayo kilabuni, akaiweka mezani. Waliitazama. Wakamuuliza mfalme gani asiye na uso. Mmoja alisema hiki ni kipande cha kufuli. Jina la Ndoo likafa, wakampa jina la Kisogo, na vijana wakipishana naye wanageuka wanampa migongo.

Mimi niliiviringisha nusu yangu kwenye rubugo. Ule ukurasa wa kwanza wa daftari la sarafu niliusugua hatimaye, na penseli nzuri. Ulitokea uso wa mtu anayetazama upande, na nyuma ya macho yake hakuna kitu. Baada ya hapo sikukusanya tena. Mtu mmoja wa Ishozi aliniletea sarafu nzuri sana, nikamwambia akae nayo, akaona namringia, akaenda kunitangaza mjini kwamba nimekuwa na maringo. Tumbo nalo lilianza kuniuma. Padri alisema ni vidonda na nisile pilipili. Sijui. Sili pilipili, na bado linauma.

Nilikaa na ukurasa ule mwaka mmoja na miezi. Msimu wa kahawa uliofuata nilipanda lori nikaenda Kimwani. Sikutumwa na mtu, na sitaki nisifiwe, maana mtu anayekwenda baada ya mwaka na miezi si jasiri.

Nilimkuta uani anatandaza kahawa kwenye mikeka, anaipitisha vidole, anatupa mbovu. Hakunikaribisha. Nilisimama pale pale, nikatoa karatasi, nikamwambia nasoma. Nikasoma. Hospitali, hana nguvu, anauliza kitu chake cha pembe, nimemwambia apumzike.

“Soma tena,” alisema.

Nikasoma tena.

“Ulikuwa nayo mfukoni siku ya mhunzi?”

“Nilikuwa nayo.”

“Baba mkubwa anauliza, unayo.”

“Ndiyo.”

“Tindo iko juu yake, unayo.”

“Ndiyo.”

Aliendelea kuchambua kahawa. Nilitoa nusu yangu, nikaifungua kwenye rubugo, nikamnyooshea. Hakuigusa. Alisema yeye hakuwahi kuomba nusu. Mke wake alikuwa ametusikia tukizungumza, na kwa desturi, bila kujua mimi ni nani, alitoka ndani na kikapu cha akamwani, tayari anapiga goti. Mwenzangu alimwambia arudishe ndani. Alimwambia kwa Kihaya, taratibu, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage kitu kichafu. Yule mama aliinuka, akarudi nyuma hatua mbili tatu bila kunipa mgongo, kwa sababu ya adabu, na adabu ile iliniumiza zaidi.

Halafu mwenzangu alinyoosha mkono. Nikadhani amebadili mawazo juu ya nusu. Alichukua karatasi. Aliigeuza, akatafuta mahali penye mchoro, akaitazama muda mrefu, kichwa chenye pembe, sikio, jicho, ndevu, na mmea wote mpaka kwenye maua.

“Huyu ni mzima,” alisema.

Akaikunja kwa mikunjo yangu ileile, akaitia ndani ya shati. Nami nikaondoka.

Sasa karatasi iko kilabuni Kimwani. Dereva mmoja ameiona. Wameibandika ukutani kwa ugali wa muhogo, karibu na mlango, na hakuna anayemwita Kisogo tena wala kulia kama kondoo, kwa sababu mtu mwenye pembe yuko pale wanamwona. Na kwa kuwa juu ya mchoro kuna maandishi, kila mgeni anayejua kusoma anaombwa awasomee. Wanasomewa mpaka mwisho. Nimeambiwa wanajua kwa moyo, na wakifika pale pa “nimemwambia apumzike” kilabu kizima wanasema pamoja, halafu wanalitaja jina langu na ukoo wangu na kwamba nakaa Buhembe.

Nilifikiri kwenda kudai waitoe. Nimeisoma tena kichwani, neno kwa neno, nitafute penye uongo. Hamna.